Kizimba cha Nyoka Kikibabuka: Dalili Iko Nje, Chanzo Kiko Ndani

Masika yalikuwa yamekatika wiki mbili tu pale mzee mmoja niliyemtengenezea kizimba cha chatu aliponipigia simu. "Fundi, mlango umegoma kufunga, na rangi inatoka kama ganda la kitunguu." Nilikwenda na randa. Nikapunguza ukingo wa mlango kama milimita tatu, nikapiga msasa, nikapaka mkono mmoja wa rangi, nikaondoka. Wiki sita baadaye simu ikaita tena. Tatizo lile lile.

Safari ya pili tulimhamishia chatu kwenye kasha la akiba, nikaingiza mkono ndani na kupapasa mgongo wa mlango. Plaiwudi ilikuwa na ubichi, nyuzi zimesimama, inakwaruza kama ulimi wa paka. Nje nilikuwa nimepaka mikono mitatu ya rangi ya mafuta. Ndani sikupaka hata mmoja, nikiamini namkinga mnyama na harufu. Kumbe kila siku maji ya beseni yalipata joto la taa, mvuke ukazama kwenye mbao kutoka ndani, na ulipofika upande wa nje ukakuta njia imezibwa. Ukaisukuma rangi hadi ikaachia. Mlango nao ulikuwa umevimba upande mmoja, ndiyo maana ukapinda.

Tangu siku hiyo sishiki rangi ya nje ya kizimba chochote kabla ya kukagua ndani yake. Kabati la nguo halina taa inayowaka humo wala maji yanayopanda mvuke. Kizimba kina vyote viwili, usiku na mchana, na vyote viwili hutafuta pa kutokea. Mimi nafanyia kazi Tanga, ambako hata hewa ya kawaida ni nzito. Fundi wa Iringa au Arusha atapata nafuu kwenye kukauka kwa vanishi, lakini mengine yote hapa chini yatamhusu vilevile.

Neno moja la pembeni, maana wateja huniuliza: kwa Tanzania, kufuga mnyamapori kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na nyoka au kinyonga wa porini yumo. Kibali kwanza, mbao baadaye.

Kabla ya kugusa brashi

Mtoe mnyama, na usimtoe upande wa pili wa chumba tu. Mpeleke chumba kingine chenye hewa yake. Nyoka na kenge hupeleka chembe za hewa kinywani kwa ulimi na kuzinusa juu ya kaakaa, kwa hiyo mvuke wa thina ambao wewe umeshauzoea, yeye anauonja. Tena nyoka wengi hutegemea pafu moja tu, la kulia. Chatu ana mawili, lakini la kushoto ni dogo.

Kisha fanya majaribio matatu. Yanachukua dakika kumi na yataokoa kopo zima la rangi.

La kwanza ni la wembe na selotepu. Chora mistari midogo ya kukatana juu ya rangi, iwe kama vyumba vya bao, bandika selotepu, isugue kwa kidole, uivute kwa mara moja. Ikitoka na rangi, rangi hiyo haijashika, na ukipaka nyingine juu yake utakuwa umejenga juu ya mchanga.

La pili ni la tone la maji, na hili lifanye ndani na nje. Tone likisimama kama shanga, mbao imezibwa. Likitambaa na kuacha doa jeusi la unyevu, hapo maji yanaingia.

La tatu ni la pamba na spiriti, kwa kizimba ambacho hukukipaka wewe. Sugua mahali pasipoonekana. Rangi ya maji italainika na kuchafua pamba; ya mafuta haitatikisika. Lazima ujue ni ipi kabla ya kuweka nyingine juu yake.

Malengelenge, na rangi inayotoka kwa vipande

Pasua lengelenge moja kwa ncha ya kisu na uangalie sakafu yake. Ukiona mbao tupu, unyevu umetoka ndani ya mbao. Ukiona rangi ya zamani, mikono miwili ya rangi haikushikana, na unyevu hauna hatia.

Kwa lengelenge la mbao tupu, usianze nje. Angalia kama ndani kumepakwa, kama maungio ya sakafu yamezibwa kwa silikoni, kama beseni la maji limewekwa chini kabisa ya taa, na kama matundu ya hewa yanatosha. Mara nyingi utakuta fundi alitoboa matundu machache upande mmoja tu. Hewa inataka kuingia chini upande wa baridi na kutoka juu upande wa moto. Hamisha beseni, ongeza matundu, kwangua rangi yote iliyolegea, kisha kiache kizimba wazi kikauke. Kwa Tanga wakati wa kaskazi nakiacha wiki moja. Wakati wa masika nakataa kazi hiyo mpaka mvua ikatike, na mteja akinuna namweleza kwa nini. Kikishakauka, paka ndani mikono mitatu ya vanishi ya maji isiyo na harufu kali, ndipo urudi nje na praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha.

Kwa lengelenge la rangi juu ya rangi, chanzo huwa ni rangi ya maji iliyopakwa juu ya glosi ya mafuta bila msasa. Piga msasa namba 180 mpaka mng'ao ufe kabisa, pangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, weka praima ya kushikisha, halafu endelea.

Kuna kisa cha tatu cha marini bodi, plaiwudi ya kumwagia zege. Uso wake una ngozi laini ya kahawia iliyotengenezwa ili zege isishike. Sasa kama zege haishiki, rangi itashika vipi? Hutoka kama karatasi nzima. Msasa namba 80 kwanza, mpaka ngozi ile ipoteze ung'avu wote, vinginevyo tumia plaiwudi ya kawaida kwa upande utakaoonekana.

Mlango uliopinda, ukingo uliovimba

Ubao ukipakwa upande mmoja, upande mwingine unaendelea kunywa na kutoa unyevu peke yake. Unajikunja kama jani la mgomba lililoachwa juani. Kanuni ninayoifuata ni kwamba idadi ya mikono ya nje iwe sawa na ya ndani, hata kama ndani ni vanishi na nje ni rangi, na vipande vipakwe vyote kabla ya kufungwa bawaba.

Mlango ambao umeshapinda kidogo unaweza kurudi. Utoe, ulaze juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, siku kadhaa, ukiwa na uzito juu ya mgongo uliotuna. Ukishanyooka, paka upande uliosahaulika siku hiyohiyo. Usiupige randa ukiwa umevimba! Nilifanya hivyo kwa yule mzee, na kiangazi kilipofika mlango ulikuwa na mwanya wa kupitisha kidole. Kwa chatu mkubwa mwanya huo ni dosari, kwa mtoto wa nyoka ni mlango wa pili.

Kingo za plaiwudi zinahitaji huruma ya pekee. Pale panapoonekana matabaka, nyuzi zimekatwa, na zinanyonya maji kama mrija. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji, iache ikauke, piga msasa mwepesi, rudia, kisha ndipo rangi. Bora zaidi, gonga ukanda mwembamba wa mbao kuzunguka ukingo wote. Ukingo wa MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) uliokwisha kuumuka haurudi tena. Kata, weka kipande kipya.

Vanishi imegoma kukauka

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mtu akinipigia kitu cha kwanza namuuliza ni mbao gani. Akisema mvule au msaji, nimeshajua nusu ya jibu. Miti hii ina mafuta na kemikali zake za asili zinazoizuia vanishi ya mafuta isikauke. Ndiyo hizo hizo zinazoifanya idumu. Msaji wa Longuza pale Muheza ukiupiga randa unasikia unateleza mkononi, kama uliopakwa nta.

Dawa yake ni kuiondoa vanishi inayonata kwa thina na kwa kukwangua, kusugua mbao tupu kwa kitambaa cheupe chenye thina mpaka kitambaa kisitoke na rangi ya manjano, kisha kupaka shelaki (vanishi ya asili inayoyeyushwa kwa spiriti) mara moja, kabla mafuta hayajapanda tena. Shelaki ya chenga huwa na nta. Iyeyushe kwa spiriti ndani ya chupa, iache itulie siku mbili tatu, nta itakaa chini kama tope, nawe umimine ile safi ya juu. Hiyo safi hushika juu ya karibu kila kitu, na karibu kila kitu hushika juu yake. Ikishakauka haina madhara kwa mnyama. Hutumika hata kufunika vidonge na pipi. Ila usiiache kuwa mkono wa mwisho, kwa sababu maji huigeuza nyeupe na joto huilainisha. Ifunike kwa vanishi.

Kama mbao ni msonobari wa kawaida na bado inanata, chanzo ni mkono mzito, hewa yenye maji, au vyote viwili. Anza kupaka saa nne asubuhi, acha saa nane mchana, usipake jioni umande ukaja kulala juu ya kazi yako. Vanishi ya mafuta hushikika baada ya muda wa saa nne hadi sita katika hali nzuri, lakini mkono wa pili ungoje kesho yake, na ugumu kamili huja baada ya wiki nne hivi. Bonyeza ukucha wa kidole gumba. Ukiacha alama, bado.

Kuna kunata kwa namna nyingine: uso mzima ni mkavu, lakini mlango ukifunguliwa asubuhi unalia *chwaa* na kubandua rangi kwenye fremu. Hapo rangi mbili zimegusana zikiwa changa, na joto la taa limezibandika. Piga msasa namba 240 sehemu zinazogusana, acha mlango wazi siku kadhaa, kisha zisugue kwa mshumaa mweupe wa kawaida. Usitumie grisi, vumbi la matandiko litaganda juu yake.

Madoa ya manjano yanayochungulia kwenye rangi nyeupe

Hayo ni mafundo ya msonobari. Mbao nyingi za msonobari tunazouziwa hutoka upande wa Sao Hill, Mufindi, na mafundo yake yana utomvu ambao hulala kimya kwenye kabati lakini huamka karibu na taa. Kupaka mkono wa nne na wa tano wa nyeupe hakusaidii. Kwangua mpaka kwenye fundo, lipashe moto kidogo kwa kikausha nywele utomvu utoke, ufute kwa spiriti, paka shelaki mara mbili juu ya fundo na kuvuka ukingo wake, kisha praima na rangi.

Doa la kahawia juu ya paa: hili usilipake

Mengine yote ni uzuri na uimara. Hili ni moto.

Ukiona sehemu ya juu ya kizimba, kwa nje, imeanza kuwa ya kahawia, rangi imepasuka kama tope la bwawa lililokauka, au vanishi imekuwa giza mahali pamoja tu pa duara, mbao hapo inaungua polepole. Weka kiganja. Kama huwezi kukiacha hapo ukahesabu mpaka kumi, zima umeme sasa hivi, kisha endelea kusoma.

Fungua ndani uone taa iko umbali gani na mbao. Kipasha joto cha kauri cha wati 100 kinaweza kupita nyuzi 200 za Selsiasi usoni mwake, na mbao inayopashwa miezi na miezi hukauka, hugeuka nyeusi, na kushika moto kwa urahisi kuliko ilivyokuwa mpya. Kata kipande kilichoungua, weka kipya. Shusha taa, mimi siweki chini ya sentimita 20 kutoka mbao yoyote, na katikati funga kipande cha bati kilichoinuliwa kwa vipande vya bomba ili hewa ipite kati ya bati na paa. Bati lililogusana na mbao halisaidii, hupeleka joto moja kwa moja. Soketi iwe ya kauri, si ya plastiki, na kidhibiti joto kiwepo. Pia zungushia taa wavu, chatu atajiviringisha juu yake akaungua bila kujitoa.

Baada ya hayo yote, ndipo unaweza kufikiria rangi ya paa.

Weupe, weusi, na mikwaruzo ya jua

Ukungu mweupe ndani ya vanishi, hasa juu ya matundu ya hewa, ni mvuke uliojipenyeza. Mara nyingi kizimba kikikauka vizuri unatoweka. Usipotoweka, msasa mwembamba na mkono mpya. Kama uliupata siku ileile ya kupuliza laka (vanishi ya kupuliza inayokauka haraka), hewa ilikuwa na maji mengi mno. Pulizia thina kidogo siku kavu, laka italainika na kuutoa.

Weusi kuzunguka skrubu ni chuma kikikutana na tanini ya mbao palipo na unyevu. Tanini ni kitu kilekile kilichomo kwenye magome ya mikoko yanayotumiwa kusindikia ngozi za wanyama. Toa skrubu za chuma, piga msasa doa, rudisha za shaba nyeupe au zisizoshika kutu, na uzibe tundu kwa tone la vanishi kabla ya kuikaza.

Kizimba kikikaa barazani na vanishi ikachanika upande wa jua, hiyo ni vanishi ya ndani iliyotolewa nje. Tafuta ile ya mashua, yenye kinga ya jua, na upande ule uupake mikono minne. Wazee wa hapa watakushauri sifa, mafuta ya samaki yanayopakwa majahazi. Nayaheshimu sana kwenye jahazi. Kwenye kizimba yataleta harufu isiyoisha, sisimizi, na uso usiokauka barabara.

Makosa ya brashi sitayakalia sana. Mapovu: ulitikisa kopo badala ya kukoroga. Vumbi: ulifagia dakika tano kabla ya kupaka. Mikunjo kama ngozi ya kobe: mkono mzito ulioshika juu huku chini ungali mbichi. Vidoa duara ambavyo vanishi inavikimbia: kuna silikoni, pengine ile uliyozibia maungio, kwa hiyo siku nyingine silikoni ije mwisho, baada ya rangi. Yote hayo hutibiwa kwa kungoja ikauke kabisa, msasa namba 240, na mkono mwembamba.

Unga mwembamba sakafuni

Vitundu vidogo na unga laini chini ya kizimba ni wadudu wanaobungua mbao. Hapa ndipo watu huua wanyama wao kwa nia njema. Dawa nyingi za mchwa na wadudu wa mbao ni sumu kali kwa nyoka, mijusi na kobe hata zikipakwa nje tu, na oili chafu ya gari, ambayo tunaipaka kwenye nguzo za uzio tangu zamani, hutoa mvuke kila mbao inapopata joto. Vyote viwili visikaribie kizimba. Badilisha ubao ulioliwa, ziba uliobaki pande zote kwa vanishi ili mdudu asipate pa kutagia, na simamisha miguu ndani ya makopo yenye maji kuzuia mchwa na sisimizi. Mbao za mtarakwa ziepuke pia, harufu yake tamu huwasumbua wanyama hawa.

Ziba kila ufa wa maungio kwa puti kabla ya rangi ya mwisho. Utitiri wa nyoka hujificha humo, na ukishaingia hata kuosha kila siku hakuumalizi.

Lini arudi ndani

Vitambaa vilivyotumika na mafuta ya kitani au vanishi ya mafuta vitandaze juani kimoja kimoja, au viloweke kwenye ndoo ya maji. Vikirundikwa pembeni hupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti.

Kizimba kisubiri wiki mbili kama ulipaka ya maji, nne kama ni ya mafuta, milango ikiwa wazi. Kisha weka taa na beseni la maji kama vile mnyama yumo, funga kila kitu saa tatu nzima. Fungua ghafla, ingiza kichwa, vuta pumzi. Ukisikia mbao na joto tu, mrudishe. Ukisikia rangi, hata kwa mbali, fungua milango tena na ujaribu baada ya siku tatu. Yule chatu wa mzee alikaa kwenye kasha la akiba siku thelathini na nne, na mara mbili nilikwenda, nikanusa, nikarudi nyumbani.